Sekunde Kumi na Mbili za Sura ya Saba

Baba yangu hakuandika kitabu chake. Alikitoa kwa imla.

Kila asubuhi, chai ikishaisha, alisimama dirishani katika sebule yetu ya Kitengela, mikono nyuma, mgongo kwangu, akasema sentensi moja mara tatu. Mara ya kwanza nisikilize. Mara ya pili niandike. Mara ya tatu nihakikishe. Ndivyo alivyowasomea watoto wa darasa la nne miaka yote aliyofundisha, na hakuona sababu ya kubadilisha mtindo kwa kuwa tu mwanafunzi aliyembakia alikuwa na digrii.

"Naweza kuuliza swali?" nilimwambia siku ya kwanza.

"Maswali ni mwisho wa kipindi, Mwaitu."

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Mimi ni binti yake wa kwanza, kwa hiyo nilipewa jina la mama yake, kama desturi yetu inavyotaka, na tangu nizaliwe hajaniita vingine. Hata akinikaripia huniita mama. Ni vigumu kubishana na mtu anayekuita mama. Na kile kipindi hakikuwa na mwisho.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesomea falsafa, somo ambalo majirani walilidhania ni tawi la udaktari. "Daktari, hebu niangalie huu mgongo," walikuwa wakiniambia dukani. Nilituma barua za kuomba kazi mpaka karani wa posta akaanza kunionea huruma, kisha nikarudi nyumbani kungoja. Baba naye alikuwa amestaafu. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na kocha wa riadha, na wazee wa Kajiado walimwita Kochi hata kanisani. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani alikuwa na mashine za kuchapisha huko Nairobi, akamwambia, Mwalimu, andika maisha yako, vijana watiwe moyo. Baba akanitazama mimi niliyekaa bila kazi, akaona Mungu amemkamilishia kila kitu: hadithi, mashine na karani.

Vitabu vya kutia moyo sikuvipenda. Ndani yake kila mtu hufaulu kwa sababu alijitahidi, na hakuna anayeuliza waliojitahidi wakashindwa waliandika wapi. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Weka hiyo kwa kitabu chako." Nikaandika chake.

Dirisha lile alilosimama lilikuwa na historia. Miaka ya tisini, nikiwa mtoto, ukitazama nje uliona mbuga tupu mpaka mtoni. Baba alikuwa akiwaachilia wakimbiaji wake kutoka mlangoni petu, anawatazama wakiwa watu, wakiwa miti, wakiwa nukta, halafu anaangalia stopwochi anangoja nukta zirudi kuwa watu. Hakukuwa na kitu cha kuwazuia isipokuwa pundamilia. Nilipotoka chuoni mbuga ilikuwa imeuzwa vipandevipande. Kila mtu amechimbia nguzo zake na kufunga seng'enge zake, hata pasipojengwa kitu, na ukitaka kwenda mtoni ilibidi uzunguke kama panya katika ghala. Baba alisimama akitazama ua wa jirani uliokuwa hatua sita kutoka usoni pake, akisimulia mbio za kilomita kumi.

Tulifika sura ya saba mwezi wa pili wa kazi hiyo.

"Siku hiyo ya Nakuru, koma, uwanja ulijaa watu kutoka mkoa mzima, nukta." Mara tatu. "Msichana aliyeongoza mbio za mita elfu tatu tangu raundi ya kwanza hadi ya mwisho, koma, hakuwa mwingine ila binti yangu mwenyewe, nukta."

Kalamu ilisimama.

"Umeandika?"

"Bado."

"Nitarudia."

Akarudia. Alirudia kwa sauti ileile, polepole, kama kwamba tatizo lilikuwa masikio yangu.

Mimi sikuwahi kufika Nakuru nikiwa mtoto. Siku ile ya Nakuru nilikuwa ndani ya nyumba hiihii, mapazia yamefungwa.

Aliyekimbia alikuwa msichana mwingine. Alikuwa darasa letu la nane, mrefu, mkimya darasani na mwenye maneno makali nje. Boma lao lilikuwa upande wa Isinya, na alikuja shule akikimbia na kurudi akikimbia, si kwa mazoezi bali kwa sababu kulikuwa na ndama wa kufungia jioni. Alianza darasa la kwanza akiwa mkubwa, baada ya mdogo wake kutosha kuchunga. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Ukimuuliza baba yake alizaliwa lini, alikwambia ni mwaka ule mto uliacha kupita. Ofisi ya michezo haikuwa na kalenda hiyo. Ilitaka karatasi inayoonyesha kila mkimbiaji hajapita umri uliowekwa, na baba, ambaye miaka yote hakuwahi kuona miguu kama ile, alikuwa na karatasi moja tu ya mtoto wa kike wa darasa la nane ndani ya kabati lake. Yangu.

"Si kosa lake kuzaliwa bila karatasi," alimwambia mama jikoni. Mimi nilikuwa nimeketi palepale, namenya viazi. "Akishinda tutabadilisha jina baadaye. Ofisini ni watu tu, wataelewa."

Baba yangu aliamini hivyo kweli. Mtu aliyefundisha watoto wasifute kwa mate aliamini kwamba ofisi inaweza kufuta.

Basi msichana akaenda Nakuru akiwa mimi, na mimi nikabaki nyumbani nikiwa hakuna mtu. Afisa mmoja wa michezo alikuwa na kawaida ya kupita Kitengela, na ingekuwaje anione naenda kisimani wakati ninakimbia mkoani? Mama aliwaambia watu nina matumbwitumbwi. Siku nne sikutoka nje. Nilijua saa kwa mstari wa jua uliopita kati ya mapazia mawili na kutambaa sakafuni, na nilijua kwamba nikiugusa kwa kidole unapita juu ya kidole na kuendelea. Siku ya tano baba alirudi na gazeti. Kwenye ukurasa wa michezo, chini kabisa, kulikuwa na mistari miwili kuhusu shule za msingi, na jina langu kamili. Nilikuwa nimeshinda.

Nilisoma mistari ile mpaka karatasi ikachakaa. Tangu siku hiyo nikisoma kitu kilichopigwa chapa, swali langu la kwanza ni nani aliyefungiwa chumbani ili kiandikwe.

Jumatatu baba alitangaza ushindi kwenye paredi ya shule. Watoto walinigeukia mimi niliyekuwa na matumbwitumbwi, wakamgeukia yule msichana aliyekuwa na malengelenge miguuni, wakanigeukia tena. Baba akasema, "Tumpigie makofi." Wakapiga. Watoto hupiga makofi wakiambiwa, na ukishapiga makofi wewe nawe ni wa siri hiyo.

Halafu ikaja barua. Shule moja kubwa ya bweni ya wasichana, ambayo alama zangu hazingenifikisha hata getini kwake, ilikuwa ikikusanya wakimbiaji. Ilimwita bingwa wa Nakuru kidato cha kwanza. Barua ilikuwa na jina langu.

Baba alimwita nyumbani mzee wa Isinya, baba wa yule msichana. Nakumbuka alikuja na fimbo yake na shuka, akanisalimia, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," akaketi kwenye kiti cha mbao akakataa kile cha mto. Baba alimweleza taratibu. Binti aende na jina hilohilo. Miaka minne tu. Labda na baadaye kidogo.

"Aitwe mtoto wako?" mzee aliuliza.

"Kwa karatasi tu."

"Na akiolewa, mimi nitapokea ng'ombe za nani?" Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. "Mwalimu, mtoto aliazimwa jina, amelirudisha. Liko hapo limeketi, linamenya viazi. Wangu ana lake."

Nadhani sikuwa nikimenya viazi siku ile, lakini kila nikimkumbuka nakumbuka viazi.

Nikaenda mimi. Kidato cha kwanza, wiki ya pili, mwalimu wa michezo alituita uwanjani tukimbie raundi mbili ili amwone bingwa wake. Niliingia wa mwisho, nyuma ya msichana mwenye pumu. Alinitazama kama mtu aliyenunua ng'ombe usiku. Nikashika goti la kulia, nikaketi chini. Ndilo jambo la pekee nililolifanya kwa haraka siku hiyo. Nilifungwa bendeji, na bendeji ile nikaivaa miaka minne. Niliifua Jumamosi, nikaianika chini ya shuka isionekane, nikaivaa Jumapili. Nilijifunza kuchechemea kwa kiasi: kidogo asubuhi, zaidi wakati wa baridi, sana kukiwa na mashindano. Bado ninachechemea nikiwa na wasiwasi. Mguu haujui kwamba nilihitimu.

Yule msichana wa Isinya alisoma shule ya kutwa hadi kidato cha pili. Ukame ukala ng'ombe wa baba yake, akaacha.

Hayo yote yalikuwa mezani wakati baba anarudia ile sentensi mara ya nne.

"Baba, mimi sikukimbia," nilisema.

Akageuka kutoka dirishani. "Maswali mwisho wa kipindi."

"Si swali."

Akaketi. Alikuwa mrefu, na akiketi ungedhani amepunguzwa. "Niiache nje?" aliuliza. "Kajiado nzima inajua ile medali. Ndiyo kubwa kuliko zote nilizoleta. Watauliza mbona kocha ameiruka. Niiandike ilivyokuwa? Watauliza wewe uliingiaje shule ile, na ukitoka hapo wataulizia chuo kikuu. Hebu wewe uliyesoma kufikiri, nifikirie. Mlango ni upi?"

Nilifikiri. Baba alikuwa ameukagua ua wote kabla yangu, na kila upande ulikuwa na seng'enge.

"Ungeweza kuandika bila jina. 'Msichana mmoja.'"

"Jina ndilo ninalolitaka." Alisema haraka, kama mtu aliyejikwaa. "Mama yangu hakuwahi kuandikwa mahali. Hakusoma. Kitambulisho chake walikosea. Kwenye kaburi nilitia msalaba wa mbao, ukaliwa na mchwa. Nilipofungua gazeti pale Nakuru nikaona jina lake, nilikaa chini uwanjani, Mwaitu. Watu walifikiri ninalilia mbio."

Chuo hakikunifundisha la kumjibu mtu wa hivyo. Nikaandika sentensi. Akarudi dirishani, akaendelea: muda wa mshindi, dakika kumi na sekunde kumi na sita, nukta. Mwisho wa kipindi akanipa habari nyingine. Kitabu kitazinduliwa Kajiado mjini, katika ukumbi wa kanisa. Atasoma sura ya saba. Kisha bingwa atasimama, aje mbele, aseme maneno machache kwa vijana.

"Bingwa gani?"

"Mwaitu."

Niliona wazi kitakachonipata. Mpaka hapo uongo ule ulikuwa mistari miwili katika gazeti ambalo watu walishafungia nyama. Sasa ungekuwa kitabu. Ningewekwa kwenye maktaba ya shule, ningesomwa na watoto wasiozaliwa, na kila nikisimama popote ningekuwa nasimama kwenye uwanja ambao sijawahi kuuona. Lakini kulikuwa na tundu moja. Baba hakujua kompyuta. Mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka madaftari kwenye duka la kompyuta mjini Kitengela, napiga chapa mwenyewe, naweka kwenye disketi. Ningeweza kuandika lolote, na angelijua likiwa limeshachapwa.

Jioni moja niliandika sura ya saba ya kweli. Ilinichukua saa moja. Msichana wa Isinya, mto ulioacha kupita, karatasi yangu, siku nne, bendeji. Niliihifadhi kwenye disketi ya pili, nikaichapa, nikaenda nayo kwa mwenyewe, yule aliyekimbia.

Alikuwa na kibanda cha maziwa karibu na soko la mifugo. Ndoo za alumini nyuma, vikombe mbele, yeye katikati akipima mala, maziwa ya mgando, kwa kijiko kirefu huku akitukanana kwa upole na madalali wa mbuzi. Tulikuwa tumekutana mara nyingi tangu nirudi, na jina aliloniita lilikuwa moja.

"Wajina! Na goti?"

"Liko."

"La kulia ama la kushoto leo?"

"La kulia. Ni la kulia miaka yote."

"Mi nauliza tu. Mtu asije akasahau ugonjwa wake." Akanisukumia kikombe. "Kunywa. Umekonda kama mwenye digrii."

Nilimweleza habari ya kitabu. Nikamsomea kwanza sura ya baba kutoka kwenye daftari, yote, pamoja na binti yangu mwenyewe na dakika kumi na sekunde kumi na sita. Alikuwa akifuta ndoo. Mkono ukasimama.

"Soma tena hapo."

"'Hakuwa mwingine ila binti yangu—'"

"Si hapo. Muda."

"Dakika kumi na sekunde kumi na sita."

Aliweka kitambaa chini. Nilidhani hasira imekuja, ile niliyokuwa nimeisubiri tangu darasa la nane, na nikiri kwamba niliifurahia. Nikatoa ile karatasi ya pili nikamsomea ukweli wangu. Nilisoma vizuri. Dalali mmoja aliacha kunywa akasikiliza. Nilipomaliza, mwenye kibanda aliinyooshea ile karatasi kijiko chake.

"Hiyo utachoma," alisema.

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli kwa nani? Mi nilikuwa na miaka mingapi Nakuru, Wajina? Unajua? Mi mwenyewe sijui, lakini nilikuwa mkubwa, wale wengine walikuwa watoto. Ukiandika jina langu, watu watasema nini? Kwamba mama mzima alivuliwa shuka akashindana na vitoto. Niko na watoto shule. Niko na wateja. Na babangu alikataa, ukasahau? Alisema jina lake lisiingie hiyo maneno. Amekufa na hilo."

"Kwa hiyo unataka nibaki mimi?"

"Wewe ndiye unataka kutoka. Mi sijafungwa pahali." Akachukua kitambaa tena, akafuta ndoo iliyokuwa safi. "Lakini kochi asinidanganye muda. Haikuwa sekunde kumi na sita. Dakika kumi na sekunde nne. Nilifika, nikaanguka, akanipigia magoti na ile saa yake, akanionyesha. Aliniambia, shika hii, hii hakuna mtu atakunyang'anya. Nimeshika mpaka leo. Nikikamua nahesabu. Nikiwa na uchungu wa kuzaa nilihesabu. Jina ni lenu, kaeni nalo. Sekunde kumi na mbili ni zangu. Mwambie arudishe."

Dalali aliuliza kwani ni maneno ya ng'ombe ama ya watu. Wajina wangu alimwambia anywe maziwa yake.

Usiku huo sikulala vizuri. Asubuhi, baba akiwa bado anaoga, nilifungua kabati lake. Daftari la mazoezi la mwaka ule lilikuwepo, jalada limefungwa kwa uzi. Ukurasa wa Nakuru ulikuwa na mstari mmoja kwa kalamu ya risasi: 10:04. Chini yake alikuwa amepiga mistari miwili, ambayo shuleni ilimaanisha jibu ni sahihi.

Nilikaa sakafuni nalo. Nilielewa alichokifanya. Dakika kumi na sekunde nne hazikuweza kuwekwa juu ya miguu yangu. Wangekuwepo watu Kajiado walioniona nikikimbia, au waliowahi kusikia. Kwa hiyo alikuwa ameupunguzia ushindi mwendo ili unitoshe, kama fundi anavyokata koti la mtu mrefu. Na kilichokatwa ndicho pekee alichokuwa nacho yule aliyevaa koti.

Nilipeleka disketi Nairobi wiki iliyofuata. Sura ya saba ilikuwa ile ya baba, neno kwa neno, koma kwa koma. Binti yake mwenyewe alishinda. Jina la bibi yangu lilikuwa pale, kamili. Nilibadilisha tarakimu tu. Ile disketi ya pili niliivunja kwa mguu nyuma ya choo, na sina uhakika mpaka leo kama nilifanya hivyo kwa heshima au kwa woga. Ni swali ambalo nimelipa muda mwingi.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi. Ukumbi ulijaa: walimu wastaafu wenye tai, wanafunzi wa sare waliokaa chini, mama wa kanisa na vitambaa vyao. Wajina wangu naye alikuwepo. Kanisa liliagiza maziwa ya chai kutoka kwake, au ndivyo alivyosema, ingawa Kajiado haikosi maziwa hata asafiri nayo kutoka Kitengela. Alikaa kwenye benchi la pembeni karibu na mlango, ndoo mbili miguuni. Walimu wawili wa zamani wa shule yetu walimwona, wakatazamana, wakatazama dari. Bado walikuwa wa siri.

Baba alisimama na kitabu chake. Alisoma kama alivyosoma maisha yake yote, sentensi kwa sentensi, ila safari hii mara mojamoja, kwa kuwa aliambiwa muda ni mfupi. Alisoma uwanja. Alisoma binti yangu mwenyewe, na watu wakanigeukia wakitabasamu, nami nikatabasamu. Alisoma jina, na sauti yake ikapanda kidogo.

"Muda wa mshindi," alisoma, "dakika kumi na sekunde..."

Alisogeza kitabu karibu, akakisogeza mbali. Nilihesabu moyoni, sijui nilikuwa nahesabu nini. Kisha akainua macho, si kwangu. Yalipita vichwa vya sare, yakaenda mpaka kwenye benchi la pembeni, mpaka kwenye zile ndoo, na yakakaa huko.

"Dakika kumi na sekunde nne," alisema.

"Dakika kumi," alisema tena, polepole, kwa sauti ya imla, "na sekunde nne."

Mtoto mmoja wa sare, kwa mazoea, akachukua kalamu.

"Dakika kumi na sekunde nne. Nukta."

Kwenye benchi hakuna aliyesimama. Mwenye ndoo aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyerudishiwa chenji akaikuta sawa, kisha akainama kukaza kifuniko cha ndoo ambacho hakikuwa kimelegea. Baba alifunga kitabu. Hakusoma iliyobaki. Sijawahi kumwuliza kama alinikasirikia, na yeye hajawahi kunitajia. Kwetu kipindi hicho bado hakijaisha.

Mshereheshaji aliruka na maikrofoni. "Haya! Haya! Mmesikia muda huo? Sasa tumwone mwenyewe! Bingwa wetu, simama, pita mbele!"

Makofi yakaanza. Watoto walipiga kwa nguvu zote. Nilisimama. Njia ya kwenda mbele ilipita kando, karibu na mlango, na mlango ulikuwa wazi. Nje niliona barabara na jua, na nilijua kwamba sitatoka. Wasiwasi ulinishika miguuni. Nikaanza kutembea, nikichechemea, na watu wakafanya sauti ile ya huruma ambayo bingwa aliyeumia hufanyiwa.

Nilipofika usawa wa benchi, alinivuta ncha ya nguo bila kuinua kichwa.

"Wajina," alininong'oneza. "Mguu si huo."